Hadithi au Kasi? Ferrari World, Warner Bros. World na Gold Reef City kwa Familia ya Arusha na Moshi

Likizo ya Juni ikikaribia, au Desemba shule zinapofungwa, familia za Arusha na Moshi zilizojaliwa kuweka akiba huanza kubishana juu ya safari ya nje na watoto. Mbuga tunazo mlangoni na mlima tunauona dirishani. Tusichonacho karibu ni bustani kubwa ya burudani, ile yenye rolakosta za chuma, majumba ya hadithi na foleni zinazopindapinda. Kwa anayeondokea KIA, au anayepitia Namanga kwenda kupandia ndege Nairobi, majina matatu hurudi mara kwa mara kwenye vikao hivyo: Ferrari World na Warner Bros. World, zote za kisiwa cha Yas huko Abu Dhabi, na Gold Reef City ya Johannesburg.

Kinachogawanya kikao ni kimoja. Kijana wa kidato cha nne anataka kasi, amekwishaangalia video zote na anajua mashine ipi inafika kilomita ngapi kwa saa. Mdogo wake anataka kumkuta Tom na Jerry. Mama anataka mahali panapofanana na dunia nyingine, ambapo hata asipopanda kitu ataona amefika. Bibi, akiwepo, anauliza kama kuna pa kukaa. Wote wana haki, na pesa ni ileile moja.

Ubishi wenyewe umetoka wapi

Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955, bembea na treni ndogo zilikuwa tayari zimejaa kwenye maonyesho ya kila mji wa Marekani. Jipya lilikuwa mpangilio. Bustani iligawanywa katika nchi za hadithi, na tuta la udongo likazungushwa ili mgeni aliye ndani asiuone mji wa nje. Tangu hapo upo upande unaoamini kwamba bustani bora ni ile inayokusahaulisha ulikotoka.

Upande wa pili unaongozwa na mahali kama Cedar Point, Ohio, kando ya Ziwa Erie. Pale mapambo ni machache na chuma ni kingi. Millennium Force, iliyofunguliwa mwaka 2000, hupanda zaidi ya mita 90 kisha kuporomoka, na wanaoipenda hawaulizi inasimulia hadithi gani. Wanauliza magurudumu yanatelezaje kwenye reli, tumbo linanyanyuka mara ngapi, na treni ngapi zinatoka kwa saa.

Miaka ya karibuni imezipima imani zote mbili. Mwaka 2019 Disney ilifungua eneo la Galaxy's Edge, mji mzima wa sayari ya kubuni wenye masoko yake, vinywaji vyake na wafanyakazi wanaoongea kama wenyeji wa huko. Siku ya kufunguliwa ulikuwapo mchezo mmoja tu wa kupanda. Wa pili ulikuja miezi kadhaa baadaye, na katikati hapo wengi walilalamika kwamba wameletewa nyumba nzuri isiyo na chakula. Machi 2022 kampuni hiyohiyo ikafungua huko Florida hoteli ambayo mgeni aliishi ndani ya hadithi kwa siku mbili, kwa bei iliyokaribia dola 5,000 kwa watu wawili. Ilifungwa Septemba 2023. Upande mwingine ipo Taron, iliyozinduliwa mwaka 2016 katika bustani ya Phantasialand, Ujerumani: rolakosta yenye kasi inayojipenyeza katikati ya kijiji cha mawe, reli zikipita juu ya vichwa vya watu wanaokunywa kahawa. Anayetaka kasi anaipata, na asiyepanda naye yumo ndani ya mchezo.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba lazima uchague kambi. Jambo ambalo familia zetu huwa hazilipi uzito ni anayesubiri. Fanya hesabu: ukipanda mara kumi, dakika mbili mbili, hizo ni dakika ishirini juu ya mashine. Saa nyingine zote ni kutembea, foleni, kula, choo, na kumsubiri mwenzako. Na familia ya kwetu husafiri na watu wengi wa kusubiri: mtoto ambaye kimo hakijafika, mjamzito, shangazi mwenye presha, babu mwenye magoti. Ubora wa mashine ni zawadi ya anayepanda. Uzuri wa mazingira ni zawadi ya anayesubiri. Hesabu kwanza nyumbani kwako wako wangapi wa kila upande, halafu ndipo usome yanayofuata.

Vigezo

Nimezipima zote tatu kwa mambo manne yaleyale.

Kuzama: ukiwa hujapanda kitu, mahali penyewe panakushika? Dari, sakafu, sauti na nguo za wafanyakazi vinakubaliana, au unaona ukumbi wa maduka uliopakwa rangi?

Mashine: ukiondoa mapambo yote, ungepanga foleni tena? Hapa nahesabu pia skrini. Mchezo wa skrini unaweza kuwa mzuri, lakini unategemea kuyadanganya macho huku mwili umekaa palepale. Macho yakisema unaruka na sikio la ndani likisema umetulia, wengine hupata kichefuchefu kibaya kuliko cha rolakosta ya kweli.

Anayesubiri: ana nini cha kufanya?

Kalenda, karatasi na pesa: majira, viza, na sarafu utakayolipia.

Ferrari World, Abu Dhabi

*Kuzama.* Ilifunguliwa mwaka 2010 chini ya paa kubwa jekundu lenye umbo lililochukuliwa kwenye ubavu wa gari la Ferrari. Paa hilo lina eneo la takriban mita za mraba 200,000, na ukiliona kutoka angani ndege ikishuka, watoto watapiga kelele kabla hamjatua. Ndani ni Italia ya kubuni: vibaraza, mikahawa, magari halisi yamepangwa kama vito. Lakini niseme wazi, hadithi ya mahali hapa ni moja tu, nayo ni gari. Anayelipenda gari ataguswa na kila kona. Asiyejali atachoka na rangi nyekundu mapema mchana, maana hakuna mtaa unaokutoa kwenye dunia moja na kukuingiza kwenye nyingine.

Lipo eneo moja ambalo hadithi na chuma vimeoana kweli. Flying Aces, ya mwaka 2016, inamhusu Francesco Baracca, rubani Mwitaliano wa Vita Kuu ya Kwanza aliyechora farasi mweusi ubavuni mwa ndege yake na kufa vitani mwaka 1918. Miaka mitano baadaye mama yake alimshauri Enzo Ferrari aiweke alama ile kwenye magari yake, na ndiyo farasi tunayemwona leo. Unapanda treni yenye sura ya ndege ya zamani, inakwea mwinuko mkali wa mita zaidi ya 50, kisha inakugeuzageuza angani. Mtoto anayejua kisa cha Baracca kabla ya kupanda anapata mara mbili ya anachopata asiyejua. Msimulieni mkiwa bado nyumbani.

*Mashine.* Hapa ndipo Ferrari World haina mpinzani kati ya hizi tatu. Formula Rossa ilipozinduliwa mwaka 2010 ilikuwa rolakosta yenye kasi kuliko zote duniani: kilomita 240 kwa saa, nayo huifikia ndani ya sekunde tano hivi. Nguvu inatoka kwenye mtambo wa haidroliki unaoivuta treni kwa kebo, wazo lililo karibu na lile la kurushia ndege kwenye meli za kivita. Abiria hupewa miwani ya kukinga macho, kwa sababu kwa kasi hiyo chembe ya mchanga au mdudu ni hatari. Safari yote ni dakika moja na nusu. Reli zake ziko nje ya paa, kwa hiyo upepo mkali au vumbi vinaweza kuisimamisha, na hili ni pigo kwa mtu aliyekuja kwa ajili yake tu. Panga siku mbili kisiwani ili usimpeleke kijana umbali wote huo akarudi hajaipanda.

Zaidi ya hiyo ipo Fiorano GT Challenge, treni mbili zinazoshindana kwenye reli mbili, na Turbo Track ya mwaka 2017 inayokurusha wima hadi kutokeza nje ya paa. Mashine ni safi, zinatunzwa vizuri, na hazikupigi kichwa.

*Anayesubiri.* Kuna ubaridi wa kiyoyozi, viti, kahawa nzuri, na eneo la familia lililoongezwa mwaka 2020. Michezo ya polepole ipo pia. Lakini bibi asiyejua Ferrari ni nini atakuwa amekaa kwenye mkahawa mzuri sana, basi. Mtoto mfupi ataumia zaidi: michezo iliyomleta kaka yake ina vipimo vya kimo, na mlangoni hawabembelezwi. Mpimeni nyumbani akiwa bila viatu, msipimie barabarani.

*Kalenda, karatasi na pesa.* Haya yanafanana na ya Warner Bros. World, basi nayaeleza huko chini mara moja.

Warner Bros. World, Abu Dhabi

*Kuzama.* Hii ilifunguliwa Julai 2018, dakika chache kwa gari kutoka Ferrari World, na yote iko ndani ya jengo moja. Imegawanywa katika maeneo sita, na kazi iliyofanyika ya kuyatenganisha ni ya kuheshimiwa. Ukiingia Gotham City, mji wa Batman, ni usiku, mchana wote. Dari ni mbingu nyeusi, taa za mitaani ni hafifu, kuta zina ukungu wa mji usio na usalama. Ukivuka kwenda Metropolis, mji wa Superman, kumekucha. Bedrock ni mji wa mawe wa akina Flintstone wa katuni, na Dynamite Gulch ni jangwa la miamba ya rangi ya machungwa. Kwa kuwa hakuna jua la kweli linaloingia, wabunifu walimiliki mwanga wote, na mwanga ndio unaobeba nusu ya udanganyifu huu.

Nimewahi kusikia hoja kwamba bustani ya ndani haiwezi kukuzamisha kwa kuwa unajua uko ndani ya ghala. Sikubaliani nayo. Mwili wa mtu aliyetoka kwenye nyuzi joto 42 za nje hupokea ubaridi na giza la Gotham kama sehemu ya hadithi. Kinachovunja uzamaji huwa ni duka la zawadi kila mlango wa kutokea, na hilo lipo kwenye bustani zote.

*Mashine.* Hapa mpenzi wa kasi atasononeka. Michezo mingi mikubwa inategemea skrini: Superman 360 ni ukumbi wa kuba ambamo picha inakuzunguka, Justice League unavaa miwani ya pande tatu, Green Lantern unaning'inizwa mbele ya skrini kubwa. Imetengenezwa kwa ustadi, lakini ukipanda mitatu mfululizo mwili unaanza kuuliza mbona hatuendi popote. Mwenye kichefuchefu achanganye: mmoja wa skrini, kisha atembee.

Bora zaidi kwangu ni ile yenye vitu vya kushikika. Mashua ya Bedrock inapita polepole katikati ya sanamu zinazojongea, na jumba la Scooby-Doo lina vyumba vilivyojengwa kweli. Ndipo watoto wanaponyoosha vidole na kuulizana maswali, wakati kwenye skrini huwa wamekaa kimya wameshikwa. Rolakosta zipo, kama Tom and Jerry Swiss Cheese Spin inayozunguka huku ikienda, lakini zimepimwa kwa familia. Kijana wa kidato cha nne atazimaliza mapema na kuanza kuangalia simu.

*Anayesubiri.* Hakuna bustani kati ya hizi tatu inayomjali asiyepanda kuliko hii. Uwanja wa kati una maonyesho, wahusika wa katuni wanapita na kupiga picha, na kutembea tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni tukio. Mtoto wa miaka mitano anapata mengi ya kupanda bila kukataliwa mlangoni. Kwa familia yenye watu wa vizazi vitatu hili lina uzito mkubwa.

*Kalenda, karatasi na pesa.* Kwa bustani zote mbili za Yas, Mtanzania anahitaji viza ya Falme za Kiarabu kabla ya kusafiri. Iombeni mapema, kila mtu ya kwake, na msilipie tiketi za bustani zisizorudishika kabla haijatoka. Likizo yetu ya Juni na Julai ni kilele cha joto la Abu Dhabi, na kutembea nje mchana ni mateso, ingawa ndani hamtalihisi. Desemba hewa ni nzuri, na Formula Rossa hufurahiwa vizuri zaidi, ila mji hujaa wageni. Uwanja wa ndege wa Abu Dhabi uko karibu sana na kisiwa, kwa hiyo hakuna safari ndefu ya teksi. Ziko tiketi za pamoja za bustani zaidi ya moja, na anayekwenda mbali hivi asinunue ya moja kabla hajalinganisha.

Sarafu yao, dirham, imefungwa kwenye dola tangu 1997. Maana yake ni rahisi: shilingi ikiteleza dhidi ya dola kati ya siku mnayopanga na siku mnayolipa, safari inapanda bei kwa kiwango hichohicho. Wanaolipwa kwa dola, na mjini Arusha wapo kutokana na utalii, hawataumia. Mwenye mshahara wa shilingi abadilishe mapema. Kwa Muislamu, chakula halali na mahali pa kuswali si jambo la kutafuta.

Gold Reef City, Johannesburg

*Kuzama.* Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo kuna mengi ya kusema na ndipo watu wengi wanapopapuuza.

Gold Reef City ilifunguliwa mwaka 1987 juu ya mgodi wa kweli, shimo namba 14 la Crown Mines, lililochimbwa dhahabu hadi miaka ya 1970. Shimo hilo linashuka zaidi ya kilomita tatu. Anayeijua njia ya Marangu ajiulize hivi: kutoka Moshi mjini hadi kibanda cha Horombo unapanda pungufu ya hapo, na hawa walishuka. Bustani imejengwa kwa sura ya Johannesburg ya siku za dhahabu, baada ya mwamba ule kugunduliwa mwaka 1886: nyumba za mabati, vibaraza vya mbao, reli ndogo. Sehemu hiyo ya mapambo imechakaa hapa na pale, na ukiilinganisha na Gotham ya Abu Dhabi utaona tofauti ya bajeti.

Lakini ukivaa kofia ngumu na kushushwa kwa lifti chini ya ardhi, mambo yanabadilika. Mwamba ni mwamba. Unyevu, giza, kelele za mashine ya kutobolea, vyote ni vya mahali penyewe. Ukirudi juu unaona dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa kuwa tofali. Kwa msomaji wa Arusha hili lina maana ya pekee. Mirerani iko jirani, na karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kuwa mwana-apolo, yaani mchimbaji wa huko, au aliye na ndugu aliyeshuka shimoni kutafuta tanzanite. Mtoto wa hapa anaposhuka Johannesburg anapata lugha ya kumwelewa mjomba wake. Na ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini watakumbuka wazee walioenda Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, wakachukuliwa mbali kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini, wengine wasirudi. Hakuna mbunifu wa Yas anayeweza kujenga hilo kwa saruji na rangi.

Lipo tatizo nalo, na ni zito. Bustani huonyesha siku za dhahabu kwa sura ya furaha kuliko zilivyokuwa kwa wachimbaji Waafrika. Dawa yake iko jirani: Jumba la Makumbusho la Apartheid, lililofunguliwa mwaka 2001 kando ya bustani, likiwa limejengwa kutokana na masharti ya leseni ya kasino ya hapo. Nashauri siku ya kwanza iwe ya makumbusho na ya pili ya bustani kwa watoto wakubwa. Wadogo wasipelekwe makumbusho, picha nyingine ni nzito mno.

*Mashine.* Umri unaonekana. Golden Loop ilijengwa mwaka 1977 kwa ajili ya bustani ya Carowinds huko Marekani na kuhamishiwa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1980. Anaconda ya mwaka 1999, ambayo abiria huning'inia miguu ikiwa hewani, ni kali na inatikisa. Mwenye shingo bovu aiache. Kisha ipo Tower of Terror ya mwaka 2001: kigari kinanyanyuliwa juu ya mnara, kinachomoza ukingoni, kisha kinaachiwa kuanguka karibu mita 50 na kuingia ndani ya shimo la mgodi. Mwili hukandamizwa kwa nguvu inayotajwa kuzidi mara sita ya uzito wake. Ni fupi mno na si laini hata kidogo. Ila ni mchezo ambao mahali na mashine ni kitu kimoja, kwa kuwa shimo ni shimo.

Kwa ulaini, uangalizi wa kisasa na wingi wa michezo mikubwa, Yas iko mbele sana. Mashine za umri huu pia husimamishwa kwa matengenezo mara kwa mara, hivyo angalieni siku hiyo zipi zinafanya kazi kabla ya kumwahidi mtoto.

*Anayesubiri.* Nafasi ya wazi, nyasi, ngoma ya buti za mpira ambayo wachimbaji waliianzisha, na ziara ya mgodi ambayo hata asiyependa mashine anaweza kuifanya, mradi haogopi mahali pafinyu. Bibi mwenye magoti atapata shida kwenye ngazi. Wazazi wajue kasino iko palepale. Ni jengo tofauti, lakini taa zake zinaita.

*Kalenda, karatasi na pesa.* Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi ya Afrika Kusini, na hilo peke yake limeamua safari nyingi. Kiingilio ni sehemu ndogo ya kile cha Yas. Randi hupanda na kushuka kivyake, haijafungwa kwenye dola. Juni na Julai ni baridi kavu, mji uko juu kuliko Arusha, karibu mita 1,750, na usiku unaweza kugusa sifuri. Wa Moshi wabebe makoti ya kweli. Desemba kuna joto na ngurumo za alasiri, na radi ikianza rolakosta husimamishwa, kwa hiyo kubwa zote zimalizeni asubuhi. Wenyeji nao wamefunga shule Desemba, foleni zitakuwa ndefu. Nje ya likizo bustani haifunguliwi kila siku ya wiki. Tafuteni usafiri wa kuaminika wa kwenda na kurudi hotelini, na chakula halali kiulizieni kabla.

Kwa hali yako

Kama watoto wako wote hawajafika kimo cha sentimita 120 hivi, Warner Bros. World. Ferrari World itakuwa ni siku ya kuwabembeleza.

Kama una vijana wa sekondari wawili watatu na hakuna mdogo, Ferrari World, Desemba ikiwezekana, na siku ya akiba kwa ajili ya upepo.

Kama una mchanganyiko, kijana mmoja wa kasi na wadogo na bibi, na bajeti inafika Yas, msizunguke wote pamoja. Siku moja baba au mjomba mmoja aende na kijana Ferrari World na waliobaki waende Warner Bros. World; ni karibu kiasi kwamba mtakutana chakula cha jioni. Hii ndiyo njia pekee niliyoona inayomaliza ugomvi bila mtu kunyimwa.

Kama mtoto wako huuliza "kweli au uongo?" kila anapoona kitu, na anapenda mawe, historia au mashine, mpelekeni Johannesburg. Vilevile kama familia ni kubwa na gharama za viza za watu wote zinakula nusu ya akiba.

Kama mwenzi wako hupata kichefuchefu kwenye basi la kwenda Lushoto, skrini za Abu Dhabi zitamsumbua kuliko reli. Ferrari World ina mashine ambazo angalau macho na mwili vinakubaliana, naye achague zile za chini. Kwa mgonjwa wa moyo, mjamzito na aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, mashine kubwa za bustani zote tatu ziachwe. Hapo swali linabaki la mazingira tu, na Warner Bros. World inafaa zaidi, Gold Reef City ikifuata kwa ziara ya mgodi baada ya kuuliza daktari.

Na kama hesabu hazifiki nje ya nchi mwaka huu, basi la Dar es Salaam lipo kila asubuhi, na Kunduchi kuna Wet 'n' Wild yenye maporomoko ya maji ya kuteleza. Haina hadithi yoyote ya kukuzamisha. Lakini maji yake yanampa mtoto wa miaka minane kile hasa anachokitaka, na mzazi anakaa kivulini akimwona muda wote. Nendeni siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili hujaa.